Usiseme Hakuna Mpaka Umevuka

Mwaka 1977 nilikuwa na miaka kumi na miwili. Baba alikufa wakati wa palizi, na kabla ya mavuno nilikuwa nimeshaondoka darasa la tatu. Nilitoka Kisoko nikiwa na kaptura moja na shati la marehemu lililonifika magotini. Shule yangu iliishia hapo. Nawaambia mapema, vijana wa kompyuta, kwa sababu siku hizi mnaniita mtaalamu, na wengine wenu mnanisalimia kwa kuinama kama mtu wa digrii. Sina digrii. Nilichonacho nilikipata kwa macho yangu na kwa wanawake wawili, Nafula na Amoit, ambao walionana siku moja tu, na siku hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Juzi mmoja wenu aliniuliza, "Mzee, ilikuwaje Karani akawa mwepesi hivi? Unaandika jina, kabla hujainua kidole ameshajibu." Nilimwambia akae chini. Jibu lina safari, na safari yenyewe inaanzia kwenye gauni la harusi.

Lakini kwanza huyo Karani, kwa ajili ya wale wasiomjua. Programu za kompyuta hazimwagwi ovyo kwenye mashine. Kila moja inafungwa kwenye kifurushi chake chenye jina, na vifurushi vinawekwa stoo. Stoo yenyewe si chumba, ni kompyuta isiyozimwa. Mashine ya zahanati ikihitaji kifurushi, kuna programu moja ambayo kazi yake ni kwenda stoo, kutafuta, kuleta na kuweka mahali pake. Hiyo programu ofisini kwetu Tororo tuliipa jina Karani, kwa sababu ilifanya kazi ya karani. Na kwa miaka mingi ilikuwa karani mzito kuliko wale wa serikali.

Sasa Nafula. Yeye alikuwa Msamia, mwanamke mnene mwenye sauti ndogo, na alitunza chumba cha mizigo nyuma ya kituo cha mabasi, Busia, upande wa Kenya. Mimi nilikuwa nimesukuma baiskeli za watu pale mpakani miaka kadhaa mpaka akanichukua. Kusoma nilijua kidogo, lakini kusoma jina kwenye gunia si kazi ya profesa. Shida ilikuwa nyingine. Watu wa mbali wakituma mzigo huandika "Busia" na kuridhika. Busia gani? Ziko mbili, moja huku na moja kule, katikati kuna geti. Basi mizigo ya kule ilishuka huku, na ya huku ilishuka kule, na mtu akitumiwa magunia mawili, moja lilishuka kila upande.

Siku moja akaja mama mmoja, anaozesha binti Jumamosi. Alikuwa ametumiwa na dada yake gomesi, lile gauni la sherehe la wanawake wa Uganda. Nikazungusha macho kwenye rafu mara moja, nikamwambia, "Hakuna, mama." Akakaa kwenye benchi mpaka jua likahama, akaondoka. Jumatatu gomesi ikapatikana upande wa Uganda, imekaa pale tangu Jumatano. Harusi ilishapita, mama wa bibi harusi alivaa ya kuazima, na ilimbana.

Nafula hakupiga kelele. Alinipa ile gomesi akasema, "Peleka mwenyewe. Kwa miguu." Nikaenda. Wale watu wakanilisha kwanza, kama desturi, kuku na wimbi, nikashiba. Ndipo yule mama akatoka ndani akanitazama.

"Wewe ndiye Hakuna?"

Nikasema ndiyo.

"Kula vizuri, Hakuna."

Jina lilifika Busia kabla yangu. Miaka tisa niliyokaa na Nafula, pande zote mbili waliniita Hakuna. Na Nafula siku ile aliponiona nimerudi aliniambia maneno niliyoyashika kama kiapo: "Oketcho, hilo neno ni zito. Usiseme hakuna mpaka umevuka."

Basi nikavuka. Kila mzigo ulioulizwa, hata ukiwa mbele yangu kwenye rafu, nilivuka kwanza kuhakikisha hakuna mwenzake kule. Walinzi wa geti walichoka kunisimamisha. Sikukosea tena hata mara moja, na nilijisifu kwa hilo, na bado najisifu.

Amoit alikuja miaka mingi baadaye. Katikati hapo nilibeba simenti, nikachunga stoo ya mbegu, mwisho nikaajiriwa Tororo kuwa mlinzi wa mchana kwenye ofisi ndogo iliyoweka kompyuta kwenye zahanati za kwetu na za ng'ambo. Amoit ndiye aliyetengeneza programu zenyewe. Msichana wa Kiteso kutoka Molo, ile ya huku kwetu Tororo, mwembamba, asiyependa maneno. Alipiga kibodi huku akitazama dirishani, na kilichotoka kilikuwa sawa. Nimeona mafundi wengi maishani, wa baiskeli, wa redio, wa kinu. Sijaona mikono kama ile.

Ila stoo yake ya nyaya na vifaa ilikuwa aibu. Siku moja alitafuta waya mmoja kutwa nzima. Kesho yake akaukuta umening'inia kwenye msumari, jina lake limeandikwa juu, na nyaya nyingine zote kando yake, za kila siku karibu na mlango, za mara moja kwa mwaka kule ndani.

"Nani amefanya hii?"

Wakamwambia mlinzi.

"Mlinzi, njoo ndani."

Hiyo ndiyo barua yangu ya kupandishwa cheo. Sikupata nyingine.

Alinifundisha herufi kwa herufi. Mimi nilikuwa na miaka zaidi ya arobaini, napiga kwa kidole kimoja. Wiki ya pili nilitaka kufuta kifurushi kimoja kilichoharibika, jina lake linaanza na M. Nikaandika amri, nikagonga.

"Mzee, umefuta nini?"

"Kimoja."

Akasogea kutazama. "Umefuta kimoja na ndugu zake sitini. Herufi M haipo tena."

Akachemsha chai, tukanywa, kisha akanionyesha mahali anapoweka nakala za vitu vyote. Baada ya hapo akanifundisha kitu ambacho nawaachia nanyi: andika amri, toa mkono kwenye kibodi, soma ulichoandika, ndipo ugonge. Mnacheka, lakini nusu ya kazi yenu ya kurekebisha ingekufa leo kama mngetoa mkono kwenye kibodi.

Sasa, stoo za vifurushi zilikuwa mbili. Moja ilikuwa kwetu, tuliita Tororo. Nyingine ilikuwa kwa wenzetu Busia ya Kenya, ambao nao walitengeneza programu zao, tuliita Ng'ambo. Mwanzoni Karani alitazama stoo ya Tororo peke yake. Fundi mmoja akaenda mpaka Majanji, kule ziwani, kuweka programu ya kupima uzito wa watoto, Karani akamjibu haipo. Fundi akarudi mikono mitupu. Na programu yenyewe ilikuwepo Ng'ambo, imekaa tu.

Niliposikia, nilimkumbuka yule mama kwenye benchi. Nikamsimulia Amoit habari ya gomesi. Alicheka mpaka akafuta machozi. Kisha akasema, "Sawa, Mzee. Sheria yako naiweka ndani." Akaandika: kila jina linaloulizwa, Karani aulize Tororo, kisha avuke aulize Ng'ambo, alinganishe, achukue kilicho kipya.

"Imeisha. Sasa Karani anavuka kama wewe."

Sijawahi kupewa heshima kubwa kuliko ile. Sheria yangu, mtu wa darasa la tatu, imo ndani ya mashine. Nilimwambia kila aliyeingia ofisini, hata mleta maji. Na mwaka mmoja baadaye Amoit aliponiambia kwamba anataka kuigusa kidogo ile sheria, nilimwambia, "Hiyo ni damu yangu." Akaacha. Kumbukeni hapo.

Shida haikuja siku moja. Programu, jinsi miaka inavyokwenda, haziji peke yake. Ni kama bibi harusi. Unamwita mmoja, anakuja na shangazi, shangazi anakuja na mashoga zake, na kila shoga ana mtoto wa kubeba. Kifurushi kimoja cha kina mama wajawazito kilihitaji vingine thelathini, na kila kimoja cha hivyo thelathini kilikuwa na wenzake. Karani akatafuta, akatafuta. Dakika tano zikawa kumi. Kumi zikawa ishirini, ishirini zikawa arobaini. Sisi tukazoea, kama mtu anavyozoea mlango unaokwaruza.

Aliyekataa kuzoea ni Sista Auma wa Majanji. Zahanati yake iko karibu na wanakoshushia samaki, umeme wake ni wa sola, na siku ya mawingu betri zilimpa saa moja tu ya kutumia kompyuta. Jumatatu moja akapiga simu, nikapokea mimi.

"Mzee Oketcho, hii kitu yenu imelala tena."

"Imelala vipi, Sista?"

"Imelala kama mlevi. Inaandika inatafuta, inatafuta. Mimi niko na wamama kumi na wanane kwa benchi. Mmoja ameanza uchungu, nataka kujua damu yake ni grupu gani. Iko ndani ya mashine, na mashine inatafuta. Inatafuta nini? Imepoteza nini?"

Karani alikuwa ameanza kubadilisha programu ya kina mama, betri ikaisha akiwa katikati, na mashine ilipowaka tena ikaanza kutafuta upya badala ya kufungua majina.

"Na yule mama?" niliuliza.

"Amejifungua. Alikuwa na kadi ya zamani, ameifunga kwenye leso. Karatasi, Mzee. Imeloa jasho lakini inasomeka. Sasa sikia. Ijumaa mje mchukue kompyuta yenu. Karatasi haihitaji jua."

Nilipomwambia Amoit, rangi ilimtoka. Mkubwa wa ofisi alikuwa ameshasema: Majanji wakirudisha, wengine wote watarudisha, na tukirudishiwa mashine tunafunga mlango. Miaka saba ya kazi ya yule msichana ilikuwa imebakiza siku nne.

Jumanne tulilaumu mtandao. Ndiyo desturi, mtandao hauna mama wa kuutetea. Tukahamisha antena, tukampima Karani akitafuta kifurushi cha kina mama, kwa saa yangu ya mkono: dakika arobaini na moja. Amoit akarudi ndani akashika stoo ya Tororo. Orodha yetu ya vifurushi ilikuwa imeandikwa kwa kufuata siku ya kuingia, na Karani aliisoma kutoka juu mpaka chini kila alipotafuta jina. Akaipanga upya kwa herufi na kuweka mahali pa kila jina, ili Karani aruke moja kwa moja kama mtu anayejua rafu. Kazi safi sana. Stoo yetu ikawa inajibu kabla hujameza mate. Tukapima safari nzima: dakika thelathini na tisa.

Amoit akalaza kichwa mezani. "Mzee, nimefagia chumba ambacho hakikuwa kichafu."

Jumatano nikamwuliza, "Huyu Karani anaweza kusema kila anachofanya, wakati anakifanya?"

"Anaweza. Nimeshasoma hiyo. Sioni kitu."

"Niprintie."

Zikatoka karatasi nyingi. Mimi husoma kama nilivyofundishwa darasa la tatu, rula chini ya mstari, midomo inatembea. Amoit anasoma ukurasa kama anavyokunywa maji. Mtu anayesoma hivyo haoni neno linalorudi, kwa sababu ameshalijua. Mimi sikulijua, nililisoma kila mara kama jipya. *Tororo: kipo. Ng'ambo: nauliza. Ng'ambo: kipo, sawa na chetu.* Nikasogeza rula. *Tororo: kipo. Ng'ambo: nauliza.* Nikachukua penseli nikaweka alama kila alipovuka. Kifurushi kimoja kilichotakiwa na wenzake wanne, alikivukia mara nne. Kila kuvuka kulikuwa na kusubiri kule getini, yaani kwenye huo mtandao wetu wa kuchechemea. Nilipofika ukurasa wa tisa alama zilikuwa zimepita mia tatu, na nilikuwa nimeshajua.

Hakuwa Karani. Nilikuwa mimi, na kaptura yangu, nakimbia kuvuka geti kutazama mzigo ambao uko mbele yangu kwenye rafu.

Nitawaambia ukweli. Nilikaa na zile karatasi mpaka chakula cha mchana nikiwaza kuzinyamazia. Ningesema sikuona kitu. Nani angejua? Mtu akiwa na kitu kimoja tu cha kujivunia, si rahisi kukiweka mezani na kusema hiki ndicho kimeoza. Lakini kupitia mlango nilimwona Amoit. Alikuwa ameanza kukunja vitu vyake, anavipanga ndani ya boksi polepole, kila waya na jina lake, kama nilivyomfundisha.

Nikaingia. "Amoit, ni ile sheria yangu."

Hakugeuka. "Nilijua kidogo."

"Ulijua?"

"Nilishuku tangu mwaka ule. Ulisema ni damu yako."

Vijana, kuna adabu inayoua kazi. Mkubwa wako akikosea mwambie, mpe kiti kwanza, lakini mwambie. Na wewe mkubwa, ukisema kitu fulani ni damu yako, jua umewafunga watu midomo. Mimi nilimfunga mdomo mtu aliye bora kuliko mimi mara mia.

Akasema, "Na siwezi kuitoa tu, Mzee. Nikiitoa Karani atarudi kusema haipo wakati ipo. Atachukua cha zamani wakati kipya kiko Ng'ambo. Sheria yako ni kweli. Ni nzito tu."

Hapo ndipo nikasema twende kwa mwenye sheria.

Alhamisi asubuhi tulipanda pikipiki mpaka Busia. Nafula alikuwa amezeeka, amekaa mbele ya nyumba yake anamenya karanga, magoti yamefungwa vitambaa. Aliponiona hakusimama.

"Hakuna. Kumbe bado uko hai?"

"Nipo, mama."

"Na huyu ni mkeo mdogo ama ni binti yako?"

"Ni mwalimu wangu."

Akamtazama Amoit juu mpaka chini. "Pole, mwanangu. Huyu ni mgumu."

Nikamweleza shida yote, polepole, kwa mfano wa mizigo. Alisikiliza akimenya. Nilipofika kwenye Karani anavyovuka kwa kila jina, mkono wake ukasimama.

"Wewe bado unavuka?"

"Si sheria yako, mama?"

Akaanza kucheka, ile sauti ndogo, mpaka karanga zikamwagika. "Sheria ile nilikupa kwa sababu ulikuwa mvivu wa macho. Nilikupa miguu ili upate macho. Nani alikwambia uvuke mpaka uzeeke? Ulipoondoka mimi nilivuka wiki mbili, magoti yakakataa. Nikaongea na mwenzangu wa kule. Kila asubuhi basi la kwanza likishashusha, yeye ananiletea orodha ya mizigo yake, mimi nampa yangu. Mtu akiuliza, natazama karatasi mbili. Sitoki kwa kiti. Kama mzigo uko kule, ndiyo namtuma mtu, mara moja, na orodha ya vyote vinavyotakiwa."

Miaka tisa nilikaa na yule mwanamke, na nilitoka na nusu ya somo.

Amoit alikuwa ameshainama mbele. "Na mzigo ukishuka mchana, mama? Baada ya orodha kuandikwa?"

Nafula akanigeukia. "Umesikia swali? Wewe hukuuliza hivyo hata siku moja." Kisha akamjibu. "Kila orodha ina namba juu. Mwenzangu akiongeza mzigo, anabadilisha namba, anaiandika kwa chaki mlangoni kwake. Mimi nikiona mtu anavuka, muuza ndizi, mtu wa baiskeli, yeyote, namwambia, nitazamie namba. Akirudi na ile ile, orodha yangu bado ni nzima, sina haja ya kusoma tena. Ikiwa imebadilika, ndipo naomba mpya."

Amoit alikuwa anaandika kwenye kiganja kwa kalamu. Nafula akamwacha aandike, akaniambia kwa sauti ya chini, "Huyu usimpoteze." Tulipoondoka alinipa daftari lake moja kuukuu la orodha, limeliwa na mende pembeni. Sijui alilitunza kwa nini. Labda alijua mimi ni mtu wa kuonyeshwa.

Tulirudi Tororo kabla ya saa sita, na Amoit akakaa. Nimemwona akifanya kazi miaka mingi, lakini mchana ule ulikuwa kitu kingine. Hakuharakisha. Karani mpya, akiamshwa, anauliza Ng'ambo swali moja fupi: namba yako ni ngapi? Ikiwa ni ile ile, haendi tena. Orodha zote mbili anazo yeye mwenyewe, zimepangwa kwa herufi. Anatazama hapo bibi harusi ni nani, shangazi ni nani, nani yuko huku, nani ni mpya kule, kila mmoja anaandikwa mara moja tu hata akiitwa na watu wanne. Akimaliza kuhesabu ndipo anavuka, mara moja, na mfuko. Na jina lisipokuwepo kwenye orodha yoyote, anasema hakuna, na ni kweli. Kazi yangu ilikuwa kulinganisha majina, Karani wa zamani na Karani mpya, kama wanatoa jibu moja. Nililinganisha kwa rula. Wepesi ambao unabadilisha jibu si wepesi, ni uongo uliovaa viatu vya kukimbilia.

Ikabaki mistari michache ya zamani. Amoit akasogeza kiti kando.

"Hiyo ni yako, Mzee. Futa wewe."

Nikaandika amri kwa kidole kimoja. Nikatoa mkono. Nikasoma. Nikagonga.

Ijumaa Majanji kulikuwa na mawingu, bila shaka. Sista Auma alikuwa ameshatia kompyuta kwenye kartoni, amelifunga kwa kamba ya katani, mafundo matatu. Nilimwomba afungue. Akasema betri imebaki nusu na wamama wanangoja. Nikamwambia, "Sista, nipe hiyo nusu." Akafungua, kwa uso wa mtu anayemfungulia mbuzi aliyeshauzwa.

Amoit akaunganisha, nikashika saa, akagonga.

"Dakika arobaini kama kawaida, si ndiyo?" Sista alisema. "Mimi naenda kuita mama mwingine." Alikuwa hajafika mlangoni.

"Ameshapata, Sista," Amoit akasema.

"Amepata nini?"

"Vyote. Amemaliza kutafuta. Sasa analeta."

Utafutaji sikuwahi hata kuupima, mshale wa saa haukusogea. Kuleta na kuweka kulichukua dakika nne. Mashine ikazima kidogo, ikawaka, ikafungua majina ya kina mama.

"Imemaliza kutafuta ama imemaliza kufa?" Sista aliuliza, lakini alikuwa ameshasogea. Akaandika jina la yule mama wa Jumatatu. Grupu ya damu ikatokea. Akachukua ile kadi ya karatasi, akaiweka kando ya skrini, akatazama huku na huku kama anayelinganisha mapacha. Halafu akamwambia Amoit, "Kaa hapo, nakuletea samaki." Mimi aliniambia kartoni libaki, kwa sababu bado haamini.

Liliishi chini ya kitanda chake cha kupimia mwaka mzima. Hakuna zahanati iliyorudisha mashine. Amoit sasa ndiye mkubwa wa ofisi, na watu wa pande zote mbili wanakuja kujifunza kwake, na akiwafundisha jambo la namba na orodha huanza hivi: "Hii tulipewa na Mama Nafula wa Busia." Hasemi ni yake. Mimi nilistaafu miaka miwili iliyopita.

Hivi ndivyo vitu vyangu leo. Nyumba ya matofali Kisoko, vyumba vinne, jiko la nje. Ekari mbili na nusu, muhogo na mtama. Ng'ombe watatu, mmoja ana mimba. Baiskeli. Laptopu ya zamani ya Amoit, kitufe cha M kimeng'oka. Saa ya mkono. Rula ya mbao. Daftari la Nafula. Na kamba ya katani, mita mbili hivi, ambayo Sista Auma alinitumia kwa basi kutoka Majanji mwaka mmoja baada ya Ijumaa ile, imekunjwa vizuri, na kikaratasi: "Mzee, kartoni nimewekea vifaranga."